Unga wa kuvu wa mizizi: kitaluni unafaa, kwenye udongo ulioshindiliwa hauna meno

Unga huu una kuvu hai zinazoingia kwenye mizizi na kuusaidia mmea kupata fosforasi. Naupa nyota tatu kati ya tano. Angeniuliza mwenye kitalu cha miche ningeupa nne. Angeniuliza mtu ambaye kiwanja chake kimekanyagwa na malori ya ujenzi ningeupa moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya pakiti, maana inafungika vizuri. Maoni mengi niliyosoma kuhusu bidhaa za aina hii ni ya watu wa aina mbili: wanaosema ni muujiza na wanaosema ni utapeli. Nadhani wote wanasema kweli, ila kila mmoja alipanda mahali pake na hakutuambia udongo wa hapo ulikuwaje.

Chapa sitaitaja, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu chapa nyingi zinazouza kitu hikihiki kwa majina tofauti. Ni unga wa kahawia hafifu uliochanganyika na chembechembe za udongo wa mfinyanzi uliochomwa. Nyuma ya pakiti yametajwa majina mawili ya kuvu, Rhizophagus irregularis na Funneliformis mosseae. Hizo ni kuvu za kawaida kwenye biashara hii, kwani zinakubali kuzalishwa kwa wingi na hazichagui sana mmea wa kuingia. Baada yake vinafuata vikolezo: Trichoderma (kuvu ya kundi jingine), dondoo ya mwani wa baharini, asidi za humiki (zitokanazo na mabaki ya mimea yaliyooza). Mbele ya pakiti, kwa herufi kubwa, kuna madai mawili: unalegeza udongo mgumu, na unafaa mimea yote. Chini ya madai hayo kuna picha ya kabichi nono, imechanua.

Nianze na hiyo kabichi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niusome mfuko mzima kwa jicho la shaka. Kabichi haipokei kuvu hizi. Ukoo wake wote uko hivyo: sukuma wiki, figili, haradali, brokoli. Mchicha, spinachi na viazisukari vyekundu vya saladi, yaani bitiruti, nao kwa kawaida hawazipokei. Ukiwamwagia unga huu unawamwagia vumbi. Mimea mingine mingi inazipokea, karibu asilimia 70 ya aina za mimea ya nchi kavu, zikiwamo mahindi, maharage, vitunguu, nyanya, pilipili na miti mingi ya matunda. Misonobari ina kuvu zake za kundi jingine, zinazouzwa kwenye mifuko mingine. Kwa hiyo "mimea yote" ni uongo, tena uongo ambao mtengenezaji mwenyewe anajua ni uongo, maana anayejua kuandika Funneliformis mosseae bila kukosea hawezi kuwa hajui habari za kabichi.

Sasa haki yake. Wazo lenyewe si la kubuni. Mjerumani Albert Bernhard Frank ndiye aliyeupa ushirika huu wa kuvu na mizizi jina la mikoriza mwaka 1885, na kwenye miamba ya Rhynie, Scotland, yamekutwa mabaki ya mimea ya zaidi ya miaka milioni 400 yenye kuvu za namna hii ndani ya seli zake. Mmea unatoa sukari na mafuta, kuvu inaleta fosforasi, zinki na mara nyingine maji. Fosforasi ndiyo kiini cha biashara yote. Haitembei kwenye udongo kama nitrojeni inavyotembea na maji. Mzizi ukishaimaliza iliyo karibu, milimita moja au mbili pembeni yake kunabaki ukame, hata kama sentimita tano mbele ipo tele. Nyuzi za kuvu zinavuka eneo hilo. Unene wake ni kati ya mikromita 2 na 10 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hivyo zinapenya penye nafasi ambapo mzizi, hata ule mwembamba kabisa, haupiti. Kwa kazi hiyo mmea unalipa: makadirio yanayokubalika ni kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni yote ambayo majani yametengeneza. Si malipo madogo, na ndiyo maana mmea uliojaa fosforasi huwafungia mlango. Ukiweka konzi ya mbolea ya fosforasi kwenye shimo la kupandia, kisha ukaweka na unga huu juu yake, umenunua kitu ukakizima siku hiyohiyo.

Niliujaribu kwanza kwenye viriba, na hapa naomba niwape mbinu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Sehemu ya unga niliipika kwenye sufuria ya presha mpaka nikawa na hakika hakuna kiumbe kilichobaki hai. Miche ya vitunguu na ya pilipili ikagawanywa: mingine ilipata unga hai, mingine unga uliopikwa, mingine haikupata kitu. Bila hilo kundi la katikati hujui unachokipima, kwa sababu mwani na humiki vilivyomo vina virutubisho vyake. Na kweli, wiki za mwanzo miche ya unga uliopikwa ilikuwa na rangi nzuri kuliko ile isiyopata kitu, sawasawa na ya unga hai. Binti yangu, ambaye ndiye aliyekuwa anamwagilia, akaniambia, "Mama, hawa wafu nao wanafanya kazi." Wengi wanaoandika "nimeona matokeo ndani ya wiki moja" nadhani wameona mwani. Kuvu haina haraka hiyo. Spora, yaani ile chembe inayozalisha kuvu kama mbegu, lazima ichipue, iutafute mzizi, iingie, ijenge mtandao nje, ndipo fosforasi ianze kuja.

Baadaye mambo yakabadilika. Vitunguu vya unga hai viliwaacha wenzake nyuma kwa namna ambayo huhitaji rula kuiona. Pilipili zilizidi kidogo tu. Vitunguu nilivitegemea, kwani mizizi yake ni minene, michache, na haina vinyweleo vya maana, kwa hiyo ni mmea unaoishi kwa hisani ya kuvu kuliko mingi mingine. Mchanganyiko wa viriba ulikuwa mchanga na maganda ya nazi yaliyochujwa, bila udongo wa shamba, maana yake hapakuwa na kuvu wenyeji. Hilo msilisahau mnaposoma nyota zangu.

Kwa kuwa nilifanya kazi maabara ya shule kwa muda mrefu, hadubini haikuwa shida. Mizizi unaichemsha kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 hadi iwe angavu, unaisuuza, kisha unaichemsha kidogo kwenye siki iliyotiwa wino wa kalamu. Njia hiyo ya wino na siki ilichapishwa mwaka 1998 na ni salama kuliko rangi za zamani za maabara, ingawa ile hidroksidi inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glovu na miwani si hiari. Kwenye mizizi ya unga hai niliona vifuko vya akiba na vile vijiti vyenye matawi kama vichaka ndani ya seli, ambako ndiko mabadilishano yanafanyika. Kwenye unga uliopikwa, hakuna. Kwa hiyo pakiti yangu ilikuwa hai. Nasema "yangu" kwa makusudi: wanasayansi waliowahi kupima bidhaa za madukani wamekuta nyingi haziingii kwenye mizizi kabisa, ama spora zimekufa stoo au hazikuwamo za kutosha tangu mwanzo.

Kitaluni, basi, nyota nne. Tuje kwenye dai la udongo mgumu.

Nina kipande cha ardhi ambapo malori ya mchanga na kokoto yalikuwa yanageuzia wakati wa ujenzi, tena kwenye msimu wa mvua, wakati mbaya kuliko wote. Udongo wenye unyevu ndio unaoshindilika, mkavu unajitetea. Na sehemu kubwa ya madhara hutokea gurudumu linapopita mara ya kwanza, yale mengine yanaongezea tu. Udongo mzuri wa bustani karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu, za hewa na za maji. Ukiukandamiza, zinazokufa kwanza ni zile kubwa, ndizo zinazopitisha hewa na kuondoa maji ya ziada. Zinabaki ndogondogo, zilizojaa maji, na oksijeni inasambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mzizi unapumua, na pale unakosa pumzi.

Kupima ni rahisi. Nilichukua kopo lisilo na kitako ambalo ujazo wake naujua, nikaligongea ardhini, nikakausha udongo wake kwenye oveni ya nyuzi 105 na kuupima uzito. Udongo wa mfinyanzi ulio sawa una gramu 1.1 hadi 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, ukikaribia 1.5 mizizi inaanza kushindwa. Mchanga unavumilia zaidi, hadi 1.7 au 1.8. Pale kwenye njia ya malori, kwenye mfinyanzi wangu, ilizidi 1.5. Wenye penetromita, kile kifaa cha kupima ugumu wa udongo, wanatumia kikomo cha megapaskali 2, ambacho ni sawa na uzito wa kilo 20 kukalia sentimita mraba moja. Kupita hapo mizizi ya mimea mingi husimama. Mimi nilitumia nondo nyembamba siku mbili tatu baada ya mvua. Sehemu nyingine za bustani ilizama kwa mkono mmoja. Pale ilidunda.

Hapa ndipo wauzaji wanapotoa hoja yao tamu: mzizi haupiti kwenye vitundu vidogo, lakini uzi wa kuvu unapita, kwa hiyo kuvu ndiyo dawa ya udongo ulioshindiliwa. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Nusu ya pili inasahau nani anamlisha nani. Kuvu hizi haziwezi kuishi bila mzizi ulio hai. Mzizi ukiwa mfupi, mnene na umejikunja, milango ya kuingilia ni michache. Majani nayo yamedumaa, sukari ya kulipa ni kidogo. Na kuvu yenyewe inahitaji oksijeni ileile iliyokosekana. Kwenye majaribio ya vyungu, udongo ukikazwa, nyuzi za kuvu nazo hupungua, pengine si kwa kiwango cha mizizi, lakini hupungua. Isitoshe uzi hauna ubavu wa kusukuma udongo pembeni. Unapita penye nafasi, basi. Kazi ya kutengeneza nafasi si yake.

Kuna jambo jingine kuhusu mizizi na ugumu ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mzizi hausimami kwa sababu ya kuishiwa nguvu tu. Mizizi hutoa gesi ya ethilini, ambayo kwenye udongo mlegevu hupotelea kwenye nafasi za hewa. Udongo ukishindiliwa gesi inanaswa palepale kwenye ncha, na mzizi unaipokea kama amri: acha kurefuka, nenepa. Mimea ya mpunga iliyokuwa na hitilafu ya kutoihisi ethilini iliendelea kupenya udongo ambao wenzake waliuogopa. Kwa maneno mengine, mmea unajua uko kwenye udongo mbaya na unaamua kujizuia. Sioni unga gani wa kuvu utabatilisha amri hiyo wakati gesi bado haina pa kutokea.

Jaribio langu pale njiani kwa malori lilikuwa la mahindi na maharage, msimu mzima. Nusu ya eneo nilililegeza kwa uma wa bustani, ule wa meno manne, nusu nikaiacha kama ilivyo. Kila nusu nikaigawa tena, yenye unga na isiyo na unga. Uma nilitumia bila kugeuza udongo: unauzamisha wima, unauvuta mpini kuelekea kwako mpaka ardhi inyanyuke na kupasuka, unatoa, unarudi nyuma hatua moja. Kugeuza kunakata nyuzi zilizopo na kupindua tabaka. Mgongo ulilalamika, sikuusikiliza.

Matokeo yake hayakuhitaji mizani. Kwenye nusu iliyolegezwa mahindi yalipanda, yenye unga na yasiyo na unga, na kama ungenifumba macho ukanizungusha nisingejua upi ni upi. Kwenye nusu isiyolegezwa yalikaa chini, majani ya chini yakiwa na ule urangi wa zambarau wa njaa ya fosforasi, yenye unga na yasiyo na unga vilevile. Niling'oa kadhaa kila upande. Mizizi ya udongo mgumu ilikuwa imeshuka kiasi cha upana wa kiganja, ikageuka kwenda pembeni, minene ncha zake kama vidole vilivyovimba. Chini ya hadubini nilikuta kuvu kwenye mizizi ya pande zote nne. Hata pasipowekwa unga. Wenyeji walikuwapo tayari, wamenusurika malori, na mara udongo ulipofunguliwa walirudi kazini bila kulipwa na mtu.

Kwa hiyo kwangu uma ulifanya kazi, unga haukufanya. Nisiseme hivyo kwa kila shamba, kwa sababu kuna ushahidi wa upande mwingine pia: huko Uswisi watafiti waliweka kuvu ya mikoriza kwenye mashamba 54 ya mahindi, na ukuaji wa mimea ukabadilika kutoka kushuka asilimia 12 hadi kupanda asilimia 40. Robo hivi ya mashamba ndiyo yaliyonufaika wazi. Faida ilitegemea zaidi vimelea vya magonjwa vilivyokuwamo udongoni kuliko upungufu wa virutubisho, ikimaanisha kuwa kuvu ilikuwa mlinzi kuliko mpishi. Matokeo ya jarida la Nature Microbiology, mwaka 2023. Ukisikia muuzaji anataja ile asilimia 40, mwombe akutajie na ile 12.

Karatasi iliyomo ndani ya pakiti inaeleza pia habari za glomalini, ile gundi ambayo Sara Wright wa idara ya kilimo ya Marekani aliieleza mwaka 1996, kwamba kuvu inaitoa na inashikanisha chembe za udongo kuwa madonge mazuri. Wanakemia bado wanabishana kile kinachopimwa kwa jina hilo ni nini hasa, maana njia ya kukichuja huzoa na vitu vingine vya udongoni. Lakini kwamba nyuzi za kuvu zinashikilia madonge ya udongo, hilo halina ubishi, zinayazungushia na kuyafunga. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Kuvu hutunza muundo ulioanza kuwapo, na huchukua misimu. Kulegeza kwanza, kisha mimea yenye mizizi hai muda wote, matandazo juu, njia maalumu za kukanyaga ili vitanda visiguswe na mguu. Hapo kuvu, za mfukoni au za bure, zitaushika udongo usirudi kulala. Kinyume chake, kumwaga unga juu ya ardhi iliyodunda nondo, ni kutupa.

Nani anunue, basi? Anayekuza miche kwenye mchanganyiko usio na udongo, hasa vitunguu, liki na miti ya matunda inayochelewa. Anayepanda mahali ambapo udongo wa juu ulikwanguliwa ukaletwa wa chini usio na uhai. Anayerudishia ardhi iliyokaa muda mrefu bila mmea wowote, au iliyolimwa kabichi na jamaa zake mfululizo. Mwenye bustani ya kawaida yenye majani na miti ya zamani hana haja nao. Akitaka kuongeza anaweza kuzalisha mwenyewe: chukua udongo wenye mizizi chini ya mimea yenye afya, changanya na mchanga kwenye chungu, panda mahindi au vitunguu humo, visikue kwa mbolea nyingi, mwishoni acha kumwagilia vikauke, kisha katakata mizizi pamoja na mchanga wake. Huo ndio unga wako. Hatari yake ni kwamba unazalisha na minyoofundo, minyoo midogo inayovimbisha mizizi, kama ilikuwamo, hivyo mimea yenye mafundo kwenye mizizi usiichukue kamwe.

Kuhusu matumizi, maelekezo ya pakiti ni mabovu. Yanasema "nyunyizia kuzunguka mmea". Spora haitembei, iliyobaki juu inaokwa na jua. Unga lazima uguse mzizi: weka kwenye shimo chini ya mche, au pakaza kwenye donge la mizizi lililoloweshwa, au changanya kwenye viriba kabla ya kusia. Mbegu zilizopakwa dawa za kuua kuvu usizichanganye nao.

Tarehe ya kuisha muda ilikuwapo, ya kutengenezwa haikuwapo, na hilo ni kosa kubwa kwa bidhaa inayotakiwa kuwa hai. Ukubwa wa pakiti nao haukumfikiria mnunuzi mdogo, maana ukishaifungua unyevu unaingia na joto la stoo linamaliza kilichobaki. Iliyobaki kwangu niliigawa kwa wenye vitalu wawili ninaowafahamu, nikawaambia waitumie msimu huohuo na waweke mahali pa baridi, pakavu, mbali na dirisha. Kabla ya kununua nyingine nitamwandikia mtengenezaji kumwomba tarehe ya kutengenezwa na matokeo ya kipimo cha mizizi kwa toleo ninalouziwa. Asipokuwa nayo, nina chungu changu cha mahindi kinachokauka nyuma ya nyumba.